Mteremko wa Pili

Kuna wanawake wa Mbuji waliojulikana kwa sauti nzuri kanisani, na kuna waliojulikana kwa pombe yao ya mahindi. Ephrasia alijulikana kwa wivu, na sioni sababu ya kuficha jambo ambalo hata paroko alilijua. Alizaliwa nao. Mdogo wake aliposhonewa gauni jipya la kipaimara, Ephrasia aliumwa tumbo mpaka gauni lilipopauka. Alipoolewa na Othmar, wivu ule ukapata ajira ya kudumu. Mwanamke akimsalimu Othmar kwa "habari za asubuhi", Ephrasia alitaka kujua kwa nini hakusema "habari za nyumbani", kwa sababu nyumbani ndiko alikokuwa yeye.

Tuseme ukweli, Othmar hakuwa mwanaume wa kugombaniwa. Alikuwa mfupi, mkimya, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja kama msichana. Ila alikuwa na mikono. Aliyewahi kulima ngoro atanielewa. Milima yetu imesimama wima, na ukiilima hovyo mvua moja tu inashusha shamba lote bondeni. Kwa hiyo mwanaume anafyeka majani, anayaacha yasinyae, halafu anayalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote unakuwa miraba mitupu. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe. Anachimba katikati ya kila mraba, anafukia majani kwa udongo ule, panabaki shimo la kukamata maji na matuta ya kupandia maharage. Mwanaume analaza, mwanamke anachimba, na kwa kawaida hao wawili wanarudi jioni nyumba moja. Ukimwona mwanaume amemlazia majani mwanamke asiye wake, unanyamaza kwanza, halafu unaenda kusema kwa jirani.

Othmar alilaza kwa namna yake. Pale mistari miwili ilipokutana, aliikunja ncha ya majani ya juu na kuichomeka chini ya yale mengine, upepo usiyafumue. Alifundishwa na baba yake, na hapakuwa na mtu mwingine kijijini mwenye subira ya kufanya vile. Ephrasia angeutambua mkono ule hata akiwa ng'ambo ya bonde.

Haya ninayosimulia yalitokea ile miaka biashara ilipofunguliwa. Kahawa iliyokuwa ikipita mlango mmoja wa ushirika ilianza kufuatwa na wanunuzi binafsi wenye magari na maneno matamu. Azizi, mtu wa asili ya pwani, akafungua duka pale senta, akawa anauza sabuni, betri, mitumba na vidonge vya homa kwenye rafu moja. Ni katika mitumba ya Azizi Ephrasia alipoona blauzi ya kijani yenye vifungo vya dhahabu, akaenda kutafuta hela, na aliporudi blauzi ilikuwa imeshavaliwa na Luisa.

Luisa alikuwa mtu wa ziwani, Mnyasa wa Mbamba Bay, aliyepandishwa milimani na ndoa. Alikuwa mrefu, alicheka waziwazi, na kila ndugu zake walipokuja nyumba yake ilinukia usipa, vile visamaki vya ziwani vinavyokaushwa juani. Mumewe, Hyasinti, alikuwa rafiki wa Othmar tangu ujana. Kila mwaka wawili hao walifanya kazi kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Februari ile walifyeka na kulaza shamba la Othmar lote, Ephrasia akachimba, akapanda maharage. Kabla zamu ya Hyasinti haijafika, mti aliokuwa akiukata ulimwangukia, akafa palepale. Ephrasia alimlilia kwa dhati. Kisha akamtazama Luisa katika nguo nyeusi, akaona hata nyeusi imempendeza, machozi yakakata.

Machi haikuwa imefika mbali alipoanza kuhisi jambo. Othmar alirudi suruali imelowa mpaka magotini, ilhali shamba lao lilikwishapandwa. Siku nyingine alikuja na panya wa majani waliochomekwa kwenye kijiti, wanono, tayari kwa kubanikwa. Mwanamke mwingine angeshukuru kitoweo. Ephrasia alijiuliza panya wametoka wapi, maana panya wa namna ile hukimbizwa kutoka kwenye majani yanayofyekwa, na wao walikwishamaliza kufyeka. Mwishowe akamnusa. Alinuka usipa.

Hakuuliza. Alijitwika kikapu kama anayekwenda kutafuta kuni, akapita nyuma ya mibuni mpaka upande wa pili wa kilima, penye shamba la marehemu Hyasinti, akachungulia. Mumewe alikuwa amesimama katika shimo la ngoro la miaka iliyopita, maji ya mvua yamemfika kwenye vigimbi vya miguu, meusi, na panya aliyekufa akielea kando. Visiki vya majani vilikuwa vimemchanachana miguu. Luisa alikuwa juu yake kidogo, akimpokeza majani. Hawakushikana, hawakucheka. Lakini ncha za majani zilikuwa zimechomekwa kona baada ya kona, miteremko miwili mizima, na zilikaa vizuri kuliko za shamba la Ephrasia. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angemkuta amemkumbatia, pengine angepiga kelele yakaisha. Alirudi nyumbani bila kuni na bila neno, akapika ugali mgumu.

Haukupita muda mrefu Othmar akaanguka na homa. Ilimjia ghafla, akiwa anakata mti wa uzio, akarudi anatetemeka na kushika kichwa. Usemi wake ulikuwa mmoja tu, miguu. Ephrasia alipomkanda vigimbi kwa mafuta, Othmar, mtu asiyejua kulalamika, alipiga ukelele. "Miguu itaachaje kuuma," Ephrasia alisema moyoni, "na safari zote zile." Kesho yake macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi. Ephrasia akajisemea kwamba mumewe anamlilia mtu.

Walinunua klorokwini kwa Azizi, kama kila mtu alivyofanya. Homa ikashuka, wakashukuru, ikarudi na hasira zaidi. Sasa weupe wa macho ukageuka manjano, na mkojo ukawa kahawa iliyochemka. Majirani walikuja kumtazama, na walipotoka walinong'ona kwamba marehemu Hyasinti hakupumzika vizuri, kwamba kuna mtu aliingia mahali ambapo hajakaribishwa. Ephrasia aliyasikia, na Mungu amsamehe, kwa muda mfupi aliona raha. Halafu Othmar alishindwa kunyanyua kikombe, raha ile ikamtoka, akabaki na woga peke yake. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, kisha kwa gari mpaka hospitali ya misheni.

Dakta Nazari hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimfunua Othmar kope, akatazama sana. "Chini ya manjano ni mekundu, lakini hayana tongotongo," alisema. Alimminya vigimbi vya miguu, Othmar akaruka kitandani. Damu ilipimwa, malaria haikuonekana. Mkojo ukapimwa, ukawa na damu.

"Mzee, wewe umefanya kazi wapi siku za karibuni?" dakta aliuliza.

"Shambani kwangu tu, dakta."

"Umekanyaga maji yaliyotuama? Mahali penye panya wengi, au nguruwe?"

Othmar alimtazama mkewe, kisha dari. "Hapana."

Dakta alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaeleza taratibu, kwa sababu alikuwa na tabia nzuri ya kueleza. Kuna vijidudu, alisema, vinavyotoka kwenye mkojo wa panya, wakati mwingine wa nguruwe au ng'ombe. Vinaishi katika maji na tope, vinaingia kwa mtu kupitia mchubuko mdogo tu. Mtu anapata homa ya ghafla, vigimbi vinauma, macho yanakuwa mekundu. Kwa wengi inapita. Kwa wengine inashuka kwenye ini na figo, hapo ndipo manjano inapokuja. Wengi hudhani ni malaria, wanakunywa klorokwini mpaka wanachelewa. "Lakini manjano inatokana na mengi. Kama hukukanyaga maji wala hukukutana na panya, nitasema ni homa ya ini ya kawaida, na hiyo haina sindano. Penisilini niliyobaki nayo ni kidogo, siwezi kuitoa kwa kubahatisha."

Ephrasia alisikia kila neno. Jibu alikuwa nalo mdomoni, la uhakika kuliko kipimo chochote, maana alikuwa ameliona kwa macho yake kutoka nyuma ya mibuni. Lakini kwenye kitanda cha jirani alilala baba yake Restituta, na Restituta mwenyewe alikaa pale akisuka ukili, masikio yamesimama. Yeye na Ephrasia walikuwa jumuiya moja ya kanisa. Neno likitoka hapa leo, Jumapili litakuwa limefika kanisani kabla ya kengele: Othmar anamlazia majani mjane wa ziwani, na mkewe huwa anajificha kwenye mibuni. Ephrasia alifunga mdomo. Nilikwisha kuwaambia alikuwa na wivu. Sikuwaambia kwamba alikuwa na majivuno pia, lakini viwili hivyo huwa vinatembea pamoja.

Asubuhi iliyofuata muuguzi aliinua chombo cha mkojo kutoka chini ya kitanda, akakigeuza. Hakikutoka kitu. Dakta aliitwa, akaja haraka, akamtazama Othmar aliyevimba uso na kunong'ona mambo yasiyoeleweka.

"Figo zinakataa kazi," dakta alisema. "Mama, jikaze."

Hapo roho ya Ephrasia iliruka. "Amekanyaga maji!" alisema kwa sauti kubwa mno. "Dakta, amekanyaga. Nilimwona mimi. Katika mashimo ya zamani ya ngoro, maji mpaka hapa, na panya wamefia humo. Miguu ilikuwa inatoka damu."

Ukili wa Restituta ulisimama.

"Shamba lipi?" dakta aliuliza, huku akimwashiria muuguzi akalete sindano.

"Shamba... shamba la juu. La upande wa pili wa kilima."

"Na baada yake nani alichimba? Nijuavyo ngoro, mwanamke anafuata nyuma na jembe. Aliyechimba naye amekanyaga yaleyale. Yuko hatarini, anatakiwa dawa mapema."

Ephrasia aliyasikia macho ya Restituta shavuni. Angeweza kutaja jina moja fupi. Badala yake akasema, "Nilichimba mimi."

Othmar alifumbua macho yake ya manjano, akamtazama, akayafumba. Dakta hakushuku kitu. Alimtoa Ephrasia damu, akaeleza kwamba itapelekwa maabara ya mbali pamoja na ya Othmar, na baadaye watatolewa tena ili ya kwanza ilinganishwe na ya pili, kwa sababu ugonjwa huu hauthibitiki kwa damu moja. Akampa vidonge. Ephrasia alivimeza mbele ya Restituta kimoja baada ya kingine, dawa ya mwanamke mwingine, akanywa na maji.

Penisilini ilifanya kazi yake. Mkojo ulirudi, kidogo kwanza, kisha mpaka wauguzi wakachoka kumwaga. Uvimbe ukashuka. Ephrasia alikuwa akimlisha uji, Othmar akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa. Moyo wake ulimwenda mbio kama wa mchumba. Aliinama asikie.

"Mama Dunstan," Othmar alisema. Dunstan ni mtoto wao. "Luisa. Kamwambie Luisa."

Mtu amekaribia kaburi, amerudi, na jina la kwanza analorudi nalo ni hilo. Ephrasia aliweka bakuli chini polepole, maana angelitupa. Alimwambia anakwenda nyumbani kuchukua unga. Njia nzima alikuwa akiapa kwamba hatapita kwa Luisa, na aliapa mpaka akafika mlangoni kwa Luisa.

Luisa alikuwa amelala kwenye mkeka karibu na jiko lililozimika. Blauzi ya kijani ilikuwa kichwani pake, ameikunja kama mto. Alijaribu kuamka.

"Karibu, dada," alisema. "Baba Dunstan anaendeleaje?"

Ephrasia hakujibu salamu. Alimtazama macho. Yalikuwa mekundu, na hayakuwa na tongotongo. Majirani walikuwa wamekwisha kusema kwamba mjane analia sana siku hizi, na kila mtu alijua walikuwa wakidhani anamlilia nani. Ephrasia alipiga magoti, akamshika kigimbi cha mguu, akaminya. Luisa alilia kwa maumivu.

Hakuna mtu kijijini aliyekuwa na hakika kama yeye wakati ule. Na unajua alichohisi? Si huruma, hiyo ilikuja baadaye na kwa shida. Alihisi kijicho. Kwamba hawa wawili walikuwa na homa moja, macho yaleyale, maumivu mahali palepale, na yeye aliyelala na mtu yule miaka yote hakuwa na hata kichwa cha kuuma. Angeweza kusimama, akachukua unga wake, akaenda zake. Mlango ulikuwa wazi na hapakuwa na shahidi.

"Nieleze," alisema. "Alikulazia kwa nini?"

"Zamu," Luisa alisema. "Hyasinti alifanya kwenu, akafa kabla ya kwetu. Baba Dunstan alisema hawezi kumdai maiti wala kudaiwa naye. Nilimwomba akwambie. Alisema utaumia."

"Zamu ilikuwa ya mteremko mmoja. Nimeona miwili."

Luisa angeweza kudanganya, na Ephrasia angempenda zaidi kwa uongo huo. "Mmoja ulikuwa zamu," alisema mwishowe. "Wa pili aliulaza mwenyewe. Sikumwomba, dada. Na sikumkataza."

Ephrasia alikaa chini sakafuni. Kisha akasimama, akafunga kanga kiunoni, akatoka mpaka senta. Landrova ya Azizi ilikuwa imeshusha sabuni na marobota ya mitumba, dereva akijiandaa kurudi Mbinga. "Kuna mgonjwa," alimwambia kwa sauti isiyotaka maswali. Walimpakia Luisa nyuma. Barabara ilikuwa mbaya, na kila gari liliporuka Luisa alilia miguu, mpaka Ephrasia, akiwa amekasirika kabisa, akaipakata mapajani mwake ile miguu mirefu ili isigonge chuma.

Dakta Nazari alimpokea varandani, milango ya wodi ya wanaume ikiwa wazi. Restituta alikuwa mlangoni, bila shaka.

"Huyu ndiye aliyechimba," Ephrasia alisema. "Shamba ni la kwake. Mimi nilidanganya."

Dakta alimtazama, akamtazama Luisa, akatupa jicho kwenye kitanda cha Othmar. Hakuuliza kitu, na kwa hilo mpaka leo namheshimu. Alifunua kope, akaminya vigimbi, akamtoa damu ya maabara, akaita sindano. Kwa kuwa walimuwahi, Luisa hakufikia manjano. Alitoka hospitali mapema kuliko Othmar, akarudi kwake, akapanda maharage kwenye miteremko yote miwili.

Habari zilifika kanisani kama Ephrasia alivyotabiri, tena zikiwa na nyongeza. Alizibeba kichwa juu. Kwa Othmar hakuuliza lolote kuhusu mteremko wa pili, na Othmar hakusema. Jioni moja tu, akiwa amepata nguvu, alikwenda akazifuma upya kona za uzio wa mboga za mkewe, ncha zikachomekwa vizuri sana. Ephrasia aliuona uzio.

Maharage yalikuwa yamekwisha kuvunwa, magari ya wanunuzi yanazunguka kutafuta kahawa, majibu ya maabara yalipokuja. Waliitwa wote watatu. Ephrasia aliingia peke yake kwanza, kwa sababu dakta alitaka kuanza na habari njema.

"Ni ule ugonjwa hasa," Dakta Nazari alisema. "Damu za Othmar na Luisa zimethibitisha, zinafanana kabisa, ni vijidudu vya aina moja. Lakini wewe, mama, furahi. Damu yako haina alama yoyote. Lile shamba halikukugusa."

Alisema akitabasamu, kama anayempa mtu zawadi.

"Asante, dakta," Ephrasia alisema. Alipita varandani, mbele ya benchi alilokaa mumewe upande huu na Luisa upande ule, akaenda nyuma ya jiko la hospitali mahali ambapo wanawake huanika nguo za wagonjwa. Hapo akalia kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akianika alimuuliza taratibu amefiwa na nani.